Plagi za pikapu ya zamani: maswali yenu na majibu

Mwezi huu maswali ya plagi ndiyo yamezidi, na karibu yote yanahusu Hilux ya petroli yenye injini ya 22R, ile ya cc 2366 ambayo bado inabeba viazi, mbao na saruji huku wenzake wa rika lake wakiwa wameshauzwa chuma chakavu. Nimechagua sita.

Shikamoo fundi. Hilux yangu ni ya 1992, injini 22R. Plagi nilizotoa zimeandikwa BPR5EY. Muuza spea amenipa BPR6ES, anasema ni zilezile. Nizirudishe? (Makambako)

Marahaba. Zirudishe. Zitaingia na gari litawaka, lakini si zilezile.

Hizo herufi za NGK, kampuni iliyotengeneza plagi hizo, si mapambo, kila moja ina kazi yake. B ni unene wa thredi, milimita 14, pamoja na kichwa cha spana ya plagi ya 21. P maana yake kauri imechomoza kuingia ndani ya chumba cha moto. R ni resista, kizuizi cha umeme ndani ya plagi kinachopunguza mkoromo kwenye redio. E ni urefu wa thredi, milimita 19. Y mwishoni ni ncha ya kati iliyochongwa mfereji, S ni ncha ya kawaida, na hapo tofauti ni ndogo. Kilichobadilika hasa kwako ni 5 kuwa 6, na hiyo ndiyo namba ya joto.

Plagi hukaa katikati ya moto. Lazima ipate joto la kutosha kuunguza masizi yake yenyewe, kama nyuzi 500 hivi, lakini ikivuka 800 inaanza kuwasha petroli kabla cheche haijaruka, na pistoni inaweza kutoboka. Plagi "baridi" inapeleka joto haraka kwenye silinda hedi, ya "moto" inalikalia. Kwa NGK namba ikipanda plagi inazidi kuwa baridi. Kwa hiyo 6 kwenye gari linalozunguka sokoni na kuzimwa kila baada ya dakika kumi itajaa masizi. Kama kila siku unapanda mlima wa Kitonga na tani nzima nyuma, 6 ingevumilika. Anza na 5.

Sasa shika hili, maana linawaumiza wengi kaunta: watengenezaji wengine, Denso, wanahesabu kama NGK, kubwa ni baridi, ila kwa namba nyingine. 5 ya NGK ni 16 ya Denso, 6 ni 20. Kwa hiyo W16EXR-U ni sahihi kwako. Bosch na Champion wanahesabu kinyume: kwao namba kubwa ndiyo ya moto. WR7DC ya Bosch ni jirani ya BPR6ES, si ya 7. Ukikaa dukani ukalinganisha namba tupu bila kuangalia ni ya nani, utapotea.

Na ukiona H mahali pa E, usiinunue hata ukipunguziwa bei. Hiyo ina thredi fupi, milimita 12.7. Cheche itarukia ndani ya tundu badala ya chumbani, na thredi zilizobaki wazi zitajaa kaboni ngumu. Siku ukirudisha plagi ndefu, itaziparura zote.

Yangu ni Hilux 2L. Plagi zipi zinaifaa? (Tanga)

2L ni dizeli, ndugu yangu. Haina plagi za cheche. Zilizopo ni za hita, za kupasha chumba asubuhi kabla ya kuwasha. Agiza kwa jina la injini, na hakikisha volti zinalingana na mfumo wa gari lako.

Nimefungua plagi zote nne. Tatu zina rangi ya kahawia hafifu, ya namba tatu imelowa weusi unaong'aa. Fundi wangu anataka kubadili zote pamoja na kabureta. (Njombe)

Kabureta isiguswe kwanza. Kabureta moja inalisha silinda zote. Ingekuwa inamwaga petroli, zote nne zingekuwa nyeusi, tena weusi mkavu kama wa sufuria ya kuni. Na huko kwenu mwinuko ni mkubwa, hewa ni nyepesi, kwa hiyo gari lililotunwa Dar es Salaam mara nyingi hufika Njombe likiwa na weusi huo kwenye plagi zote. Lako si hilo.

Mimi nikifungua plagi huzipanga juu ya kitambaa cheupe, moja hadi nne kwa mfuatano, nikazitazama juani kabla ya kusema neno. Chukua ile ya tatu, paka ule weusi kati ya vidole viwili, sugua. Weusi huo ukinuka petroli na kukauka haraka, silinda hiyo haiwaki: badilishana waya yake na ya jirani, uone kama ugonjwa unahama. Ukiteleza na usikauke, ni oili. Hapo pima kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda. Ikiwa iko chini, mimina kijiko cha oili silindani upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Ikiwa nzuri tangu mwanzo, na asubuhi ukiwasha gari linatoa moshi wa bluu kisha unakata, shuku sili za valvu. Ukibadili plagi bila kugusa chanzo, hiyo ya tatu itarudi kuwa hivyohivyo.

Nikiweka plagi za iridiamu, mafuta yatapungua? (Mombasa)

Kwa injini nzima yenye plagi nzima, usitegemee tofauti utakayoiona kwenye pampu. Iridiamu inasifika kwa maisha marefu: ncha yake nyembamba haiishi haraka, nyingine hufika kilomita 100,000, wakati plagi za kawaida za nikeli hubadilishwa kwenye 20,000 hadi 30,000. Lakini plagi ikilowa oili, iridiamu nayo hufa kama nikeli, na utakuwa umezika hela nyingi zaidi. Kwa 22R iliyozeeka, mimi naweka nikeli mpya na fedha inayobaki nanunulia waya za plagi na kofia ya distributa.

Gari linamisi likipanda mlima na mzigo, tambarare liko sawa. Fundi amezichoma plagi kwenye jiko la mkaa, akazisugua kwa brashi ya waya, likapona siku mbili. (Iringa)

Lilipona kwa sababu masizi yaliungua, likarudi kwa sababu tatizo lilibaki. Ukikanyaga mafuta ukiwa na mzigo, presha ndani ya silinda inapanda na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka. Nafasi ya plagi, yaani pengo kati ya ncha ya kati na mguu wa pembeni, ikiwa imeliwa ikawa kubwa, au koili imechoka, ndipo inaposhindwa. Kwa 22R nafasi ni milimita 0.8. Ipime kwa fila geji, vile visahani vyembamba vya kupimia nafasi, na ukiirekebisha pinda mguu wa pembeni tu, usiiguse ncha ya kati.

Jiko la mkaa naliomba tuliache. Kauri inapata nyufa usizoziona, na brashi ya waya inaacha michirizi ya chuma juu yake, umeme unapita hapo badala ya kuruka.

Nitajuaje plagi feki, na niikaze kiasi gani? (Morogoro)

Zungusha kwa vidole ile washa ya chini. Kwenye nyingi halisi imebanwa, haitoki kirahisi. Feki mara nyingi hudondoka. Tazama mguu wa pembeni kama umekaa katikati ya ncha. Kama ina R, pima kwa mita kutoka juu hadi ncha ya kati: elfu kadhaa za omu, kwa kawaida karibu 5,000. Ikisoma sifuri, herufi R imechapwa bure, na redio itakuonyesha kwa kukoroma.

Kukaza: hedi ya 22R ni ya alumini, thredi zake huliwa upesi. Subiri injini ipoe kabisa. Mimi huchomeka kipande cha mpira wa petroli juu ya plagi na kuizungusha kwa huo mpira. Ikiingia upande, mpira unateleza kabla thredi hazijaharibika. Ikigota, chukua spana, nusu mzunguko kwa washa mpya. Plagi iliyowahi kufungwa, chini ya robo mzunguko. Usipake grisi.