Maswali ya Wasomaji: Kitu Kimoja, Jina Moja katika Miongozo ya Hifadhidata

Swali: Ninaandika mwongozo wa programu ya hifadhidata. Nilifundishwa kwamba kurudiarudia neno lilelile ni udhaifu wa uandishi, kwa hiyo hujitahidi kubadilisha maneno. Mwenzangu anayehakiki kazi yangu amekikataa kifungu hiki: "Kabla ya kupandisha toleo, hakikisha una nakala ya hifadhidata. Nakala ikiwa tayari, zima seva. Mashine ikishazimika, weka toleo jipya, kisha washa mfumo na uangalie kama nakala inafanya kazi." Kuna ubaya gani hapo?

Jibu: Mwenzako amesema kweli, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu kifungu hicho kifupi kimebeba hatari mbili ambazo huenda zikamgharimu msomaji data yake.

Ya kwanza ni "seva", ambayo mara imegeuka kuwa "mashine" na mara "mfumo". Wewe ulikuwa na kitu kimoja akilini, yaani huduma ya hifadhidata inayoendeshwa ndani ya kompyuta, lakini msomaji hana njia ya kulijua hilo. Akifika kwenye "mashine" atadhani ameambiwa azime kompyuta nzima pamoja na programu nyingine zinazoitegemea, na akifika kwenye "mfumo" atajiuliza kama sasa unazungumzia mfumo wa uendeshaji. Kanuni uliyofundishwa inafaa katika insha, ambayo husomwa mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho. Mwongozo hausomwi hivyo. Msomaji huingia katikati, mara nyingi akiwa na tatizo linalomsubiri, na kila neno jipya analokutana nalo hulichukulia kuwa ni jina la kitu kipya.

Ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni "nakala". Katika kazi za hifadhidata kuna vitu vitatu ambavyo watu wengi huviita hivyo. Kuna nakala rudufu, yaani data iliyowekwa kando jinsi ilivyokuwa wakati fulani ili irejeshwe yakitokea maafa. Kuna replika, yaani seva nyingine inayofuata mabadiliko ya seva kuu muda wote. Kisha kuna faili iliyonakiliwa tu. Msomaji mwenye replika akiambiwa ahakikishe ana nakala, atajijibu kwamba anayo na kuendelea na kazi. Sasa mtu akitekeleza amri ya DELETE kwenye seva kuu na kusahau kifungu cha WHERE, kinachotaja ni safu mlalo zipi zifutwe, safu mlalo zote za jedwali lile zitafutika, na replika nayo itazifuta zilezile, kwa kawaida ndani ya muda mfupi sana, kwa kuwa kazi yake ni kufuata. Aliyenakili faili huku huduma ikiendelea kuandika hana nafuu sana, maana faili hizo huenda zikawa hazipatani zenyewe kwa zenyewe hata zishindwe kurejeshwa.

Ningekiandika kifungu chako hivi: "Kabla ya kupandisha toleo, tengeneza nakala rudufu ya hifadhidata na ujaribu kuirejesha kwenye kompyuta nyingine. Kuwa na replika hakutoshi. Kisha zima huduma ya hifadhidata. Kompyuta yenyewe iendelee kuwaka. Weka toleo jipya, washa huduma ya hifadhidata, na uangalie kama replika imeungana tena na seva kuu." Maneno "huduma ya hifadhidata" yamerudiwa kwa makusudi. Kuhusu "nakala" yako ya mwisho, nimekisia kwamba ulimaanisha replika, na kukisia kwa namna hiyo ndiko tunakotaka kumwepusha msomaji.

Swali: Msimamizi wetu anaona kwamba istilahi ni suala la unadhifu tu, na kwamba muda wetu utumike kuandika sura mpya. Je, kuna mfano wa jina baya lililoleta hasara ya kweli?

Jibu: Upo, na umo katika historia ya PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata. Programu hiyo huandika kila badiliko kwanza kwenye kumbukumbu maalumu, kabla ya kuligusa faili la data, ili umeme ukikatika iweze kujirekebisha itakapowashwa tena. Kwa miaka mingi kumbukumbu hiyo ilikaa kwenye saraka iliyoitwa pg_xlog, na taarifa za hali ya miamala zilikaa kwenye pg_clog. Wasimamizi wa seva wamezoea kwamba kitu chochote chenye "log" katika jina lake ni rekodi ya matukio, ambayo diski ikijaa inafutwa bila madhara. Baadhi yao walifuta yaliyomo katika saraka hizo, wakapoteza data isiyoweza kurejeshwa.

Katika toleo la 10, lililotoka Oktoba 2017, saraka ya kwanza iliitwa pg_wal na ya pili pg_xact, na maelezo ya toleo hilo yalitaja sababu hiyo waziwazi. Hawakuishia kwenye saraka. Amri na vitendaji vilivyobeba jina la zamani vilibadilishwa pia, kwa mfano pg_switch_xlog ikawa pg_switch_wal, ingawa walijua kwamba skripti nyingi za watu zitakwama hadi zirekebishwe. Mradi mkubwa hauwapi watumiaji wake usumbufu wa namna hiyo kwa ajili ya unadhifu. Mwonyeshe msimamizi wako mfano huu, kisha umwonyeshe mahali katika mwongozo wenu ambapo neno moja limebeba maana mbili zenye matokeo tofauti.

Swali: Mwongozo wetu umeandikwa na watu wengi kwa miaka mingi, na kila mmoja alikuwa na maneno yake. Tuanzie wapi?

Jibu: Anzeni na programu yenyewe. Majina yaliyomo katika amri, mipangilio na ujumbe wa makosa ndiyo yenye kauli ya mwisho, kwa sababu ndiyo ambayo mtumiaji anayaona kwenye kioo na kuyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Kama ujumbe wa kosa unasema "muunganisho" na mwongozo unasema "kikao", mtu mwenye tatizo hatapata ukurasa wenu hata uwe mzuri namna gani. Mkiona jina lililomo katika programu ni baya, pelekeni pendekezo kwa watengenezaji. Msilibadilishe katika mwongozo peke yake.

Kisha andaeni orodha ya istilahi, hata ikiwa fupi, yenye maana ya kila neno na maneno ya zamani yanayomwelekeza msomaji kwenye neno lililochaguliwa. PostgreSQL ilipata orodha ya namna hiyo katika toleo la 13, mwaka 2020, ikiwa tayari na mwongozo mkubwa sana. Kwa hiyo msidhani kwamba mmechelewa.

Katika kurekebisha, shughulikieni istilahi moja kwa wakati, na msichanganye badiliko la istilahi na marekebisho ya maelezo, kwa sababu mhakiki anayepitia mamia ya mistari iliyobadilishwa jina hatauona ule mmoja uliobadilishwa maana. Pia msitumie kompyuta kubadilisha neno kila mahali kwa mpigo. Chukueni neno "mtumiaji": mahali pengine ni binadamu anayesoma mwongozo, na mahali pengine ni akaunti iliyomo ndani ya hifadhidata. PostgreSQL iliunganisha watumiaji na vikundi kuwa aina moja ya akaunti iitwayo ROLE katika toleo la 8.1, mwaka 2005, lakini amri ya CREATE USER ipo mpaka leo, na tofauti yake na CREATE ROLE ni kwamba yenyewe hutoa ruhusa ya kuingia bila kuombwa. Ni mtu anayesoma kila sentensi tu atakayeweza kutenganisha matumizi haya.

Miongozo ya matoleo ya zamani iacheni kama ilivyo, kwa kuwa inaeleza programu za zamani.

Swali: Mhakiki wetu anapiga mstari kila ninapoandika "inaweza". Je, si neno la kawaida?

Jibu: Ni la kawaida, lakini lina kazi tatu, na kwenye mwongozo wa hifadhidata kazi hizo hazipaswi kuchanganyika. Ukiandika "Mhasibu anaweza kufuta jedwali", je, umempa ruhusa, umeeleza uwezo wa akaunti yake, au umeonya kwamba huenda akalifuta kwa bahati mbaya? Wanaoandika kwa Kiingereza wana tatizo hilohilo, na mwongozo wa PostgreSQL wa kuandika ujumbe wa makosa una sehemu inayotenganisha ruhusa, uwezo na uwezekano. Kwa Kiswahili tuna maneno ya kutosha: "ana ruhusa ya kufuta", "ina uwezo wa kufuta", "huenda ikafuta". "Inaweza" ibaki kwa uwezo, mahali ambapo muktadha hauachi shaka.

Vivyo hivyo kwa "inapaswa". Ukisema "Thamani inapaswa kuwa kubwa kuliko sifuri", msomaji hajui kama ni ushauri au kama programu itaikataa sifuri. Hati ya viwango vya intaneti RFC 2119, ya Machi 1997, ilitenganisha rasmi sharti, pendekezo na hiari. Fuata mgawanyo huo: tumia "lazima" pale tu ambapo programu itakataa au data itaharibika, na utaje kitakachotokea; tumia "inashauriwa" kwa pendekezo, na utaje sababu yake.

Swali: Je, istilahi ya programu moja nitaitumia kwa programu zote? Na majina yaliyokwisha kubadilishwa niyafanyeje?

Jibu: Usihamishe istilahi bila kuangalia. Chukua neno "skima" katika programu tatu za hifadhidata. Katika MySQL, skima ni jina jingine la hifadhidata. Katika PostgreSQL, skima ni sehemu iliyo ndani ya hifadhidata, yenye majedwali na vitu vingine. Katika Oracle, skima imefungamana na mtumiaji anayemiliki vitu hivyo. Eleza maana mara tu neno linapotokea, na uitaje programu unayoizungumzia.

Kuhusu majina yaliyobadilishwa, chukua jina jipya kama jina kuu, na ulitaje la zamani pamoja na toleo ambalo badiliko lilianzia. Programu ya hifadhidata ya Redis ilileta amri ya REPLICAOF, inayoifanya seva kuwa replika, badala ya SLAVEOF katika toleo la 5, mwaka 2018. MySQL ilileta amri ya SHOW REPLICA STATUS, inayoonyesha hali ya replika, katika toleo la 8.0.22, mwaka 2020, na amri ya zamani, SHOW SLAVE STATUS, iliondolewa katika toleo la 8.4, mwaka 2024. Mtu anayesimamia seva ya miaka ya nyuma bado ataiandika amri hiyo ya zamani katika utafutaji wake. Kwa hiyo iache mahali patakapoonekana, ikiwa na kiungo kinachompeleka kwenye ukurasa wa amri mpya.