Siku 214 za Kifaransa, na redio bado sielewi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina siku 214 mfululizo najifunza Kifaransa kwa programu ya simu, sijaruka hata moja. Nina programu nyingine tano, PDF za sarufi hata idadi siijui, na chaneli za video nilizojiunga nazo nikazisahau. Majuzi nilifungua redio ya Kifaransa nikaambulia "bonjour" na jina la rais, basi. Hela ya kulipia kozi sina. Nitumie nini cha bure kinachofundisha kweli? Na hii programu niiache? – Msomaji aliyekata tamaa kidogo.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo "kidogo" imenifurahisha. Aliyekata tamaa kabisa haandiki barua.

Ugonjwa wako naujua, maana niliwahi kuugua vibaya kuliko wewe. Mimi Kifaransa nilianza nacho kwenye kitabu kisicho na sauti. Sisi tumelelewa na lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa, basi nami kila herufi niliyoiona niliitamka: "ils parlent" (wanazungumza) ikawa "ilsi parlenti", tena kwa kujiamini. Mwaka mzima! Mfaransa wa kwanza kuzungumza naye alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza hiyo ni lugha gani. Kumbe "parle", "parles" na "parlent" zote husikika "parl" tu, na ile "-ent" ni ya macho. Kuyang'oa matamshi yale kulinichukua muda mrefu kuliko kuyapanda.

Tangu hapo, nikiletewa nyenzo yoyote nauliza swali moja: ina sauti, pamoja na maandishi ya sauti hiyohiyo? Sauti peke yake itakupita, na maandishi peke yake yatakurudisha kwenye "parlenti" yangu.

Kwa hiyo anza na Journal en français facile ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa. Ni taarifa ya habari ya dakika 10, hutoka kila siku, hailipiwi, na maandishi yake unayapata kwenye tovuti yao. Neno "facile" maana yake rahisi, lakini usilisadiki sana: ni habari za kawaida zilizoongezewa maelezo kidogo. Usijaribu kumeza yote. Kata dakika moja. Isikilize mara tatu bila kutazama popote, andika unachokisikia hata kama ni upuuzi mtupu, halafu fungua maandishi utafute ulipopotelea. Utashangaa. Mara nyingi neno lenyewe ulikuwa unalijua, ila limeungana na jirani yake ukashindwa kulitambua: "les amis" (marafiki) husikika "lezami", na "je ne sais pas" (sijui) mtu akiwa na haraka hubaki "shepa". Hapo ndipo siku zako 214 zilipovuja.

Ukiona hata dakika moja ni mlima, rudi kwenye tovuti ya televisheni ya TV5MONDE ya kujifunzia Kifaransa. Kuna video fupi zenye mazoezi, zimepangwa kuanzia ngazi ya A1 (ya anayeanza) hadi B2 (ya aliyekwisha kupiga hatua), nazo ni bure. Anza na A1. Hizo siku 214 zisikutie aibu ya kuanzia chini.

Kwa kuzungumza nakupa Language Transfer, kozi ya bure ya mtandaoni, ambayo inavunja sharti langu mwenyewe, maana ni sauti tupu. Naisamehe kwa sababu mwalimu hakupi sentensi ukariri. Anakuuliza, unasimamisha sauti, unaijenga sentensi mwenyewe kwa sauti, ndipo unasikia jibu. Maelezo ni kwa Kiingereza, hilo lijue mapema. Ukipenda kazi ya jasho, iko pia kozi ya zamani ya Foreign Service Institute, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanadiplomasia wa Marekani na sasa iko mtandaoni bure, vitabu na kanda zake. Inachosha, na Kifaransa chake kimezeeka, ila kwa masikio na ulimi sijaona mfano wake. Taasisi hiyohiyo huwapa wanafunzi wake wa Kifaransa wiki 24 hadi 30 za darasani, na hao hawana kazi nyingine. Kwa hiyo anayekuahidi Kifaransa kwa mwezi mmoja, mpite.

Sarufi isikutishe. Unayesema "kiti kizuri, viti vizuri" bila kufikiri utaogopaje lugha yenye jinsia mbili tu? Na ile "ne… pas" ya kukanusha inayowasumbua wengi, wewe unayo nyumbani: "anasoma" ikikanushwa ni "hasomi", mkanusho umekaa mbele na nyuma, kitenzi katikati. Shida yako itakuwa irabu. Tunazo tano, wao wanazo nyingi zaidi. "Dessus" ni juu, "dessous" ni chini, na sikio letu hulisikia neno moja. Kwa ile "u" ya "dessus", weka midomo ya kutamka "u" na ulimi wa kutamka "i". Kisha nenda Forvo, tovuti ya matamshi, usikilize wenye lugha wakiyatamka hayo mawili, moja baada ya jingine, mpaka yaachane.

Programu yako ya siku 214 usiifute, ila iwe ya dakika kumi, tena baada ya redio, si kabla. Maneno yaliyokuponyoka kwenye taarifa ya habari yaingize Anki, programu ya kadi za kukumbushia, ambayo ni bure kwenye kompyuta na simu za Android (kwa iPhone hulipiwa). Weka sentensi nzima, usiweke neno moja moja.

Zile programu nyingine tano zifute leo kabla hujalala. PDF za sarufi bakiza moja, yoyote ile.