Maswali ya wasomaji: Ditekta inalia kwenye gofu la Mjerumani, tuchimbe?

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Lushoto, kwenye shamba la babu kuna gofu la mlowezi wa Kijerumani, imebaki misingi na dohani tu. Binamu karudi toka machimboni na ditekta, kile kifaa kinacholia kikipita juu ya chuma au madini, tukipitisha pale inalia kila hatua. Watu wanasema kuna dhahabu, na kuna jamaa anataka laki mbili atusomee alama za Mjerumani, eti zinaonyesha mali ilipofichwa. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo wa laki mbili mwacheni kabisa, hizo alama ni biashara yake, nimeona familia zimeuza hadi ng'ombe wakaishia na shimo.

Kulia kila hatua ni kawaida, paa lilianguka hapo kwa hiyo udongo umejaa misumari na vipande vya bati, afu ditekta nyingi za machimboni zimetengenezwa kusaka punje za dhahabu, hata kawaya kanailiza. Mkipata ya kubagua chuma, tembezeni koili, ile duara ya chini ya ditekta, polepole, mara nyingi sauti ya msumari inakatikakatika ila ya shaba au fedha inatoka safi na inajirudia ukipita toka pande zote mbili.

Ila msichimbe kwanza! Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali kuchimba kutafuta vitu vya kale, hata kama shamba ni la babu. Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji, awape barua ya kwenda ofisi ya mambo ya kale.

Na mkiruhusiwa msikimbilie sebuleni. Angalieni kizingiti cha jikoni, njia ya maji, na chini ya mti mkubwa ambapo vibarua walikaa kusubiri malipo. Huko Usambara Wajerumani waliwapa watu kadi za kazi, siku 30 kila miezi 4 lazima umfanyie mlowezi, na walilipwa kidogo mno. Mimi niliwahi kushika heller moja, sarafu ya Mjerumani, iliyookotwa sehemu kama hiyo, ya kijani kwa kutu, upande mmoja taji, ndo hiyo hiyo iliyotuachia neno hela, na kwa kweli nilisikia uchungu maana kuna babu wa mtu aliipoteza akaitafuta kwenye majani mpaka giza. Kwangu mimi hiyo ina thamani kuliko dhahabu mnayoambiwa.

Kwa hiyo kila kitu pigeni picha kikiwa bado kwenye udongo, pimeni hatua toka kwenye dohani na kina chake, andikeni. Msisugue na limao wala mchanga, nimeona mtu kasugua sarafu mpaka mwaka ulioandikwa umefutika, hata makumbusho wakashindwa kumwambia kitu.

Mwisho, Waingereza waliingia huko na vita mwaka 1916. Mkikuta chuma kizito cha mviringo chenye ncha kama risasi kubwa, huenda ni kombora la vita ambalo halijalipuka, msikiguse wala kukigonga, wekeni matawi kuzunguka, watoto wasisogee, mwiteni polisi.