Anza na mboga za Jumapili

Dada, umesema unaishi Kisumu, chakula unaagiza kwa simu karibu kila jioni, bodaboda inakupeleka hata dukani, na bado hupati nafasi ya kupumua; sasa unauliza uanzie wapi kupunguza kasi ya maisha. Usibadilishe yote mara moja. Ningekuwa wewe, ningeanzia jikoni.

Jumapili soko la Kibuye hufurika. Nenda kwa miguu ukiweza, simu ikae mkobani. Nunua sageti na mnavu, mboga za majani za kienyeji, zikiwa bado kwenye vijiti vyake, si zile zilizochambuliwa tayari. Kaa chini uchambue mwenyewe, na kama una watoto, waite wakusaidie. Mikono ikiwa na kazi, watu huzungumza mambo ambayo hawangeyasema mezani. Sageti ni chungu, kwa hiyo ichemshe, mwaga maji, kisha itie maziwa na uichemshe tena polepole. Akina mama wengi wa Nyanza huirudisha motoni kesho yake, wakiongeza maziwa kidogo kidogo mpaka uchungu ulainike. Ladha hiyo huja kwa kungoja tu, na nakuombea uionje kwa mkono wako mwenyewe.

Maharagwe pia yaloweke usiku kucha, uyamwage maji hayo kabla ya kupika.

Boda usiiache kabisa. Usiku, au mvua ikinyesha, panda; usalama wako kwanza. Na siku ukitoka kazini umechoka hoi, agiza chakula bila kujilaumu. Ila boda ya kwenda kununua maziwa hapo dukani, iache kuanzia kesho.