Bata wananiona kwanza: maswali yenu kuhusu picha za ndege wa majini

Tangu niandike hapa kwamba Jumapili zangu nyingi zinaishia kando ya bwawa la Hombolo, hapa Dodoma, badala ya kanisani (mama yangu naye alisoma, tumeshayamaliza), maswali ya ndege yamezidi yale ya harusi. Nikumbushe tu kwamba picha za harusi na sendofu ndizo zinanilisha. Ndege ni ugonjwa. Najibu yale yaliyojirudia.

Nina simu tu. Nikimpiga bata picha anatoka kama punje ya ulezi. Ninunue kamera? (Msomaji, Nkuhungu)

Bado, subiri kwanza. Ukivuta kwa vidole viwili, simu nyingi hazikusogezi popote. Zinakata kipande cha katikati na kukitanua, ndiyo maana bata anaonekana kama ameshonwa kwa vitambaa. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta, ya mara 2 au 3, ishia hapo.

Njia nyingine ni darubini. Weka kamera ya simu kwenye tundu moja la kuchungulia, sogeza taratibu mpaka ule weusi wa pembeni upungue, kisha piga. Mkono mmoja unashika darubini, wa pili simu, na hapo ndipo utatamani wa tatu. Mimi nilikuwa nailaza darubini juu ya mfuko wa maharage wa kilo 2. Hautikisiki, na ukirudi nyumbani una mboga.

Shikamoo. Nikifika tu bwawani ndege wote wanaondoka. Nifikirie kununua nguo za mabaka? (Mwanafunzi, UDOM)

Marahaba. Mabaka achana nayo kabisa. Sheria yetu inakataza raia kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi, na hakuna bata wa thamani hiyo. Shati la khaki lililopauka linatosha.

Tena rangi si tatizo lako. Tatizo ni mwendo. Unatoka kwenye bodaboda, unanyoosha moja kwa moja kuelekea majini, umesimama wima, kamera usoni. Kwa bata huo ni mwendo wa mnyama anayekuja kula. Pita kwa ubavu kama mtu anayekwenda shambani kwake, simama, angalia pengine, endelea. Ukibakiza mita 40 hivi, keti. Ukishaketi, usiguse kamera kwa nusu saa.

Najua nusu saa ni ndefu. Oktoba moja nilikaa nyuma ya kichuguu, jasho linaingia machoni, nikaona mbele yangu patupu. Mnandi mmoja, yule ndege mweusi anayezamia samaki, alikuwa juu ya kisiki, mbawa kazianika kama shati kwenye kamba. Wa kwanza kurudi walikuwa wale bata wenye uso mweupe wanaopiga mluzi wa sauti tatu. Wakiwa na hofu wanasimama wima, shingo ndefu kama chupa. Wakitulia shingo zinazama mabegani. Nikangoja shingo. Zilipozama ndipo nikashusha kamera mpaka karibu na tope, lenzi sawa na jicho la mmoja wao, nikaona tone la maji limening'inia kwenye ncha ya mdomo wake. Ukipiga umesimama, nyuma ya ndege kuna tope na maji tu. Ukishuka, nyuma panasogea mbali na kulainika, hata kwa lenzi ya bei ya chini.

(Ukikuta uso wa bata huyo una rangi ya kutu, usitangaze umegundua ndege mpya. Ni tope letu hilo.)

Nisimame upande gani wa bwawa? (Msomaji, Kisasa)

Swali zuri kuliko yote, na ni mmoja tu aliyeuliza. Asubuhi, simama ukingo wa mashariki. Jua linakuwa mgongoni kwako, linampiga ndege usoni, jicho lake linawaka. Lakini kuna la pili. Kiangazi upepo wetu hapa mara nyingi unatoka mashariki au kusini-mashariki, na ndege huruka akiukabili upepo. Kwa hiyo kundi likinyanyuka linakuja upande wako. Jioni ukihamia ukingo wa magharibi kulifuata jua, upepo unakuwa usoni kwako, na wakiruka utapata album nzima ya mikia. Ndiyo maana mimi jioni siwafuati wanaoruka, napiga waliotulia.

Uwe umekaa tayari saa 12:30 asubuhi. Kufika saa 2:30 mwanga umeshakuwa mkali na mvuke wa joto unaanza kucheza juu ya maji. Hapo hata lenzi ya mamilioni inatoa picha iliyolegea. Kunywa chai.

Kwa wenye kamera: ndege anayeogelea, spidi ya 1/500 ya sekunde inatosha; anayeruka, anzia 1/2000, na acha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ipande. Chenga chenga zinasafishika, ukungu wa mtikisiko hausafishiki.

Yangeyange wangu wanatoka weupe tupu kama karatasi, hakuna manyoya. (Fundi picha mwenzangu, Manyoni)

Kamera inaona maji meusi, inaongeza mwanga, yangeyange anaungua. Punguza mwanga kwa hatua 1 hivi kabla hujapiga. Kwenye simu, gusa ndege kwenye kioo kisha telezesha kidole kushuka. Mnandi mweusi ni kinyume chake.

Watoto wangu wanapenda kuwatupia mkate ili wasogee tupige picha. Kuna ubaya? (Mama wa watatu, Area C)

Upo, dada. Mkate unawashibisha bila kuwalisha, na unaobaki unaoza majini. Waambie watoto wahesabu ndege anazama sekunde ngapi. Mnandi anawafaa sana kwa mchezo huo.

Na wasiwakimbize. Bata wakibadilisha manyoya hupoteza yale makubwa ya mbawa yote kwa mpigo, wakakaa wiki kadhaa bila uwezo wa kuruka. Ukiona bata anakimbia juu ya maji akipiga mbawa na hanyanyuki, huenda ndiye huyo. Picha yake utaipata siku nyingine.

Umesema tushuke mpaka kwenye tope. Kichocho je? (Msomaji, Chamwino)

Umenikamata. Shuka, lakini baki pakavu. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia na kupenya kwenye ngozi. Dakika chache za miguu majini zinatosha. Mimi natandika turubai, navaa gambuti, na magoti hayagusi maji. Na hayo ni kwa Hombolo. Bwawa la Mtera lina mamba na viboko, kule hata turubai usitandike ukingoni. Piga ukiwa ndani ya gari. Zima injini, teremsha kioo, weka mfuko wa maharage mlangoni. Ndege wanaliogopa gari kidogo kuliko wanavyomwogopa mtu.

Droni? (Wengi)

Inahitaji kibali, waulizeni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Na hata ukipata, ndege wanaiona kama mwewe. Utarudi na picha ya bwawa tupu.

Nisubiri mvua ndiyo nianze? Na heroe wa Singida niwafuate lini? (Msomaji, Kondoa)

Usisubiri. Mvua zikianza, Desemba hivi mpaka Aprili, kila dimbwi kwenye mbuga linakuwa bwawa na ndege wanatawanyika kwenda kuzaa. Septemba na Oktoba maji yamenywea, wote wamebanana kwenye kilichobaki, na kwenye tope vitwitwi waliotoka Ulaya na Asia wameshaanza kufika. Vumbi ndilo ada yake: usibadilishe lenzi ukiwa kwenye upepo, na brashi ndogo iwe mfukoni.

Heroe, au flamingo kama tulivyozoea kuwaita, hawana ratiba. Wale wadogo wanafuata mwani wa maji ya magadi, na wakitaka kutaga wanakwenda Ziwa Natron. Ziwa Singidani leo unaweza kukuta ukingo wote wa waridi, mwezi ujao usikute hata mmoja. Mimi nina namba ya muuza samaki wa Singida mjini. Nampigia Ijumaa jioni, namuuliza, "Wapo?" Akisema wapo, nakata tiketi ya basi la asubuhi. Akisema "wapo wapo tu", nalala.