Usichore sprinkla za stoo kabla hujaona kilichomo

Jamani mnaochora mifumo ya kuzima moto kwa sprinkla, vile vichwa vya darini vinavyomwaga maji, na nyie wenye magodauni, neno "stoo" kwenye mchoro lisiwadanganye. Mimi lilishanidanganya. Kazi moja hapa Dar mchoro ulisema STOO basi, nikaipeleka hatari ya kawaida kundi la 2 kwa NFPA 13, kile kiwango cha Marekani cha sprinkla kinachopanga majengo kwa makundi ya hatari, milimita 8.1 za maji kwa dakika juu ya mita za mraba 139, nikapiga hesabu ya pampu na tenki nikamaliza. Siku naenda saiti kupima urefu wa dari nakuta mapipa ya thina ya lita 200, pembeni madumu ya plastiki ya spiriti yamebebana matatu matatu, harufu inakupokea kabla hujafika mlangoni. Nilichoka kabisa maana mafundi walishaanza kufunga mabomba.

Ukihamia hatari kubwa kundi la 2 ni milimita 16.3 juu ya mita za mraba 232, yaani unatoka lita kama 1,100 kwa dakika unafika karibu 3,800, na hapo maji ya hozi za kuzimia moto bado hujayahesabu. Pampu inabadilika, bomba linabadilika, tenki ndo usiseme.

Na wengi wanaishia hapo wakidhani wameshamaliza, kumbe kundi hilo limekaa zaidi kwa sehemu kimiminika kinapotumika, kama kupuliza rangi au kuchovya vitu kwenye vanishi. Ukishakuwa na mapipa yamepangwa ni ghala la vimiminika, unafungua NFPA 30, kiwango cha vimiminika vinavyowaka, nayo inakuuliza kimiminika gani, chombo cha chuma au plastiki, kikubwa kiasi gani, kimepangwa juu mpaka wapi, kuna rafu au hamna.

Hilo la plastiki naomba mlitilie maanani sana. Dumu likiyeyuka mzigo wote unamwagika kwa mara moja, na thina inaelea juu ya maji, kwa hiyo maji yaleyale ya sprinkla yanaweza kuubeba moto mpaka chumba cha pili kwa kupitia chini ya mlango. Weka kizingiti mlangoni na njia ya kumwagia nje.

Halafu omba karatasi ya usalama ya kila kemikali, nenda kifungu cha 9, tafuta flashi pointi, lile joto ambalo mvuke wake unaanza kuweza kushika moto. Ethanoli ni nyuzi 13, toluini iliyomo kwenye thina nyingi ni 4. Dar hata usiku wa Julai haifiki huko, kwa hiyo mvuke uko tayari muda wote, unasubiri cheche ya swichi tu.

Sisi tuliishia kujenga chumba cha pembeni nje, ukuta wa tofali, mapipa ya chuma tu, na hesabu yake ya maji peke yake. Siku hizi kabla sijashika kalamu naenda kwa stoo kipa, namuuliza mwezi wa mzigo mkubwa kuliko yote huwa anaingiza mapipa mangapi, halafu namwomba anionyeshe yanakaa wapi pale stoo ikijaa.