Maswali yenu: peptidi za kuwaziba "wasomaji" wa histoni

Hawa wasomaji wanasoma nini jamani?

Alama tu. DNA imejizungusha kwenye vibonge vya histoni, jozi 147 za herufi kwa kila kibonge, na mikia ya histoni inaning'inia nje, huko ndo seli inabandika methili na asetili. Msomaji ni protini, anashika alama halafu anaita wenzake waje wafunge jeni au waifungue. Yeye habandiki wala habandui, msimchanganye na vimeng'enya.

Mbona kupata peptidi, yaani kamba fupi ya asidi amino, inayochagua msomaji mmoja tu ni shughuli pevu?

Eeh, hapa sasa. Chukua msomaji CBX7, kizimba chake cha kunasia lisini yenye methili tatu kimejengwa kwa fenilalanini moja na triptofani mbili (zote hizi ni asidi amino), na ndugu zake CBX2, 4, 6 na 8 wana kizimba cha aina hiyohiyo, hata wasomaji wa kundi lingine, HP1, nao wanacho. Mbaya zaidi lisini ya 9 na ya 27 za histoni H3 zote zimekaa kwenye mfuatano uleule, alanini, ajinini, lisini, serini. Kwa hiyo ukikomaa na kizimba peke yake umenasa ukoo mzima. Mi naanzia pembeni. CBX7 ikishailaza peptidi inaifungia mshipi juu kwa valini na lusini, vitu visivyopenda maji, ila HP1 inafunga kwa asidi amino zenye chaji. Weka kitu kinachokimbia maji chini ya mshipi huo, HP1 itaiona chungu.

Imewahi kufanya kazi au ni maneno tu?

Imefanya. UNC3866, kizibo cha mtindo wa peptidi, ilitoka 2016, lisini yake ina ethili mbili badala ya methili tatu, inashika CBX7 na CBX4 kwa nguvu karibu sawa, nanomola 100 hivi (namba ikiwa ndogo mshiko ni mkali), na ndugu wengine saba waliopimwa inawashika kwa udhaifu mara 6 hadi 18. CBX4 imeponyoka kwenye mchujo, sitaki kuwadanganya.

Si itakatwakatwa ndani ya seli?

Peptidi ya kawaida ndiyo, tena hata kupenya utando inasumbuka. Watu wanaziba ncha, wanaikunja iwe duara, au wanatia methili kwenye naitrojeni za uti wake. Hiyo ya mwisho twende nayo polepole, maana UNC4219 ni pacha wa UNC3866, tofauti ni methili moja tu, na haishiki kitu. Ndo maana wanaitumia kama kidhibiti: seli zikifa hata kwa huyo pacha, basi CBX7 haihusiki.